Radi mbili kwenye ncha za treni: njia mbili zimenipa 1.875, jibu linasema 1.5. Kosa liko wapi?

Mwanjelwa_Jioni

Wakuu, habari za jioni. Nimekwama kwenye swali la uhusianifu maalumu (nadharia ya Einstein ya muda na mwendo), naomba mnisaidie kuona kosa lilipo.

Treni inapita stesheni ya Makambako bila kusimama, ikielekea Mbeya, kwa kasi ya 0.6 ya kasi ya mwanga. Walio ndani wakiipima wanapata urefu wa mita 750. Radi mbili zinapiga, moja kichwani na nyingine mkiani, na kila moja inaacha alama ya kuungua kwenye behewa na kwenye reli pale pale ilipopiga. Kwa mtu aliyesimama jukwaani, katikati ya alama hizo, radi zimepiga wakati mmoja. Je, kwa abiria aliyekaa katikati ya treni, ipi ilitangulia na kwa muda gani?

Nimechukua mwanga kuwa unakwenda mita 300 kwa mikrosekunde, na gama (γ, kizidishi cha muda na urefu kwa kasi hiyo: 1/√(1 − v²/c²)) ni 1.25. Nimejaribu hivi:

Kwanza, Δt' = γΔt. Kwa kuwa Δt ni sifuri, napata sifuri.

Pili, t' = γ(t − vx/c²), nikaweka umbali wa mita 750. Napata tofauti ya mikrosekunde 1.875.

Tatu, nimekokotoa mwanga wa kila radi unamfikia abiria saa ngapi. Tofauti ni 1.875 tena.

Njia mbili zimekubaliana, nikajua nimepata. Lakini jibu lililotolewa ni 1.5. Halafu mwenzangu anasema hapa hakuna cha ajabu, ni kuchelewa kwa mwanga tu, kila mtu akiondoa muda wa safari ya mwanga watakubaliana. Nani yuko sahihi?

Loleza

Mkuu, 1.5 ndiyo sahihi, na kwa abiria radi ya kichwani ndiyo iliyotangulia. Nitaanza na makosa yako kwa sababu yanafundisha zaidi ya jibu lenyewe, hasa hiyo 1.875 iliyojitokeza mara mbili.

Δt' = γΔt ni kanuni ya saa moja. Inataka matukio mawili yatokee mahali pamoja katika fremu (mtazamo wa anayepima) mojawapo, kama mapigo mawili ya saa ile ile mkononi mwa mtu. Radi zako hazitokei mahali pamoja katika fremu ya stesheni wala ya treni. Wanafunzi wengi huiona hii kuwa ndiyo kanuni kuu, kisha ile ya Lorentz, uliyoitumia kwenye jaribio la pili, kuwa nyongeza. Ni kinyume chake. Ya Lorentz ndiyo mama, na hii ni mtoto wake anayezaliwa pale tu Δx inapokuwa sifuri.

Kwenye jaribio la pili kanuni ni sahihi, umbali ndio umekosewa. Hiyo x ni ya fremu ya stesheni. Mita 750 ni urefu wa treni kwa walio ndani yake. Mtu wa jukwaani anaiona treni imefupika: 750 ÷ 1.25 = 600. Alama za kuungua kwenye reli ziko umbali wa mita 600, na ndizo za kupima kwa futi kamba ukitaka x. Sasa weka sifuri katikati:

Kichwa: x = +300, t = 0. t' = 1.25 × (0 − 0.6 × 300/300) = −0.75.

Mkia: x = −300, t = 0. t' = 1.25 × (0 + 0.6 × 300/300) = +0.75.

Tofauti ni mikrosekunde 1.5, kichwa kikitangulia. Hakiki na mahali pia: x' = γ(x − vt) inakupa +375 na −375, yaani ncha mbili za treni ya mita 750. Ukiona x' haikuangukia kwenye ncha za treni, ujue umechanganya fremu kabla hata hujafika kwenye muda.

Jaribio la tatu namba yake ni sahihi, ila inajibu swali jingine. Kwa saa za jukwaani, abiria anasogea mita 180 kila mikrosekunde. Mwanga wa kichwani unakuja kumlaki, wanakutana pale 300 − 300t = 180t, yaani t = 0.625. Wa mkiani unamfukuza: −300 + 300t = 180t, t = 2.5. Tofauti ni 1.875, lakini hizo ni saa za jukwaani. Saa ya abiria mwenyewe inasoma 0.625 ÷ 1.25 = 0.5 na 2.5 ÷ 1.25 = 2.0. Tofauti 1.5. Hapa kugawa kwa gama ni halali kabisa, kwa sababu mwanga wote wawili unafika mahali pamoja: kwenye kiti chake.

Kwa hiyo 1.875 zako mbili ni kosa lile lile lililovaa nguo mbili. Mara ya kwanza uliweka 750 badala ya 600, ukazidisha kwa 1.25 bila kujua. Mara ya pili uliacha kugawa kwa 1.25. Njia mbili kukubaliana si ushahidi kama zote zina gama moja ya ziada.

Kanuni fupi ya kukaa nayo kichwani: saa zilizooanishwa (zilizowekwa zisome sawa) ndani ya treni, zikitazamwa kutoka jukwaani wakati mmoja, saa ya mkiani inasoma mbele ya saa ya kichwani kwa vL/c², ambapo L ni urefu wa treni kwa walio ndani. 0.6 × 750/300 = 1.5. Hapa ndipo mita 750 zina kazi, na hapa gama haiingii.

Isimila_B

Niongezee hoja ya mwenzako, maana ndiyo inayowapotosha wengi kuliko hesabu.

Msimu wa mvua ukiwa Mbeya mjini ukaona radi imepiga juu mlimani, ngurumo ikakufikia baada ya sekunde 6, hakuna anayesema radi imepiga ngurumo ilipofika. Unajua sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, unapata kama kilomita 2, unarudisha muda nyuma. Kwa mwanga ni vivyo hivyo, na katika uhusianifu kila mtu tayari ameshafanya marekebisho hayo kabla ya kusema "radi ilipiga saa fulani". Yafanye hapa uone.

Mtu wa jukwaani: mwanga wote wawili unamfikia kwenye mikrosekunde 1.0. Kila radi ilikuwa mita 300 kutoka kwake. Anatoa 1.0, anapata 0 na 0. Wakati mmoja.

Abiria: mwanga unamfikia saa yake ikisoma 0.5 na 2.0. Alama za kuungua kwenye mabehewa ziko mita 375 mbele yake na mita 375 nyuma yake. Anaweza kuinuka akazipima. Kwa hiyo kila mwanga ulisafiri 375 ÷ 300 = 1.25. Anatoa 1.25, anapata −0.75 na +0.75.

Marekebisho yamekwisha, kutokukubaliana kumebaki. Kinachobana ni neno moja: abiria anagawa kwa 300 pande zote mbili. Mtu wa jukwaani atataka kumwambia "wewe unaukimbilia mwanga wa mbele, gawa kwa 480, na wa nyuma gawa kwa 120". Abiria hawezi kukubali, kwa sababu kwake yeye amekaa, na mwanga kwake unakwenda ule ule kutoka pande zote. Hilo ndilo Einstein aliloliweka kuwa msingi mwaka 1905, baada ya majaribio kama la Michelson na Morley la 1887 kushindwa kuona tofauti yoyote ya kasi ya mwanga kwa sababu ya mwendo wa Dunia. Ukilikubali, wakati mmoja wa watu wote lazima uuachie.

Mwanjelwa_Jioni

Shukrani sana wakuu, kosa la 750 na 600 nimeliona. Ila kanuni ya saa ya mkiani kuwa mbele bado naikariri tu. Kwa nini mkiani na si kichwani? Saa zote zimetoka kiwanda kimoja na zinakwenda kasi moja.

Na nikiruhusiwa swali la pili: treni hiyo hiyo ya mita 750 ikiingia kwenye handaki la mita 600. Kwa mtu wa nje inaenea sawasawa. Kwa abiria handaki ndilo lililofupika. Inaenea au haienei?

Gangilonga

La saa nijibu mimi, maana kuna namna ya kuliona bila kugusa kanuni ya Lorentz.

Weka saa mbili katikati ya treni, zisome sawa. Iache moja pale. Nyingine mpe mhudumu aibebe kwa mguu hadi mkiani, mita 375, mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde. Atatumia sekunde 250. Kwa walio ndani ya treni, saa iliyobebwa imepoteza kama sekunde 3 × 10⁻¹⁵ tu. Si kitu. Wanasema saa zinasoma sawa, na wakizipima kwa miali ya mwanga kutoka katikati watakuta zinasoma sawa kweli.

Sasa simama jukwaani. Mhudumu anatembea kuelekea nyuma, kwa hiyo kwako yeye anakwenda polepole kidogo kuliko treni. Saa inayosafiri polepole zaidi inachelewa kwa kiasi kidogo kuliko ile inayosafiri haraka. Kwa hiyo muda wote wa safari yake saa yake inaizidi ile ya katikati, kidogo sana kila sekunde. Ukimwambia atembee polepole zaidi ili kupunguza hilo, anatumia muda mrefu zaidi, na jumla inabaki pale pale: vL/c² kwa L ya mita 375, yaani mikrosekunde 0.75. Akitembea kwenda mbele ni kinyume, saa yake inabaki nyuma kwa 0.75. Mkiani +0.75, kichwani −0.75. Namba zile zile za Loleza.

Ndiyo maana sikubali inaposemwa kwamba tofauti hii ni makubaliano tu ya namna ya kuoanisha saa kwa mwanga. Ni kweli kwamba tunachopima moja kwa moja ni kasi ya mwanga ya kwenda na kurudi. Lakini saa iliyobebwa polepole haijui lolote kuhusu miali ya mwanga, na inafika mahali pale pale.

Kipengere

Handaki ni langu. Tuchukue moja la kubuni kwenye kipande cha Mlimba kupanda Makambako, ambako TAZARA ilichimbiwa mahandaki mengi. Mita 600, na tuweke lango kila mwisho. Malango yanafungwa na kufunguliwa papo hapo, kufumba na kufumbua. Kwa mtu wa handakini yote mawili yanafungwa t = 0, treni ikiwa ndani yote. Namba ni zile zile za radi, badilisha radi kuwa malango.

Kwa abiria treni ni mita 750 na handaki ni 600 ÷ 1.25 = 480. Mita 270 zimebaki nje. Sasa fuata malango kwa saa za treni:

Kwenye −0.75 lango la kutokea linafungwa mbele ya pua ya kichwa cha treni, bila kuligusa, kisha linafunguka. Wakati huo mkia uko nje ya lango la kuingilia, mita 270 nyuma.

Kichwa kinatoka. Handaki linaendelea kurudi nyuma mita 180 kila mikrosekunde.

Kwenye +0.75 lango la kuingilia linafungwa, mkia ukiwa ndio kwanza umeingia.

Kati ya lango moja na jingine ni mikrosekunde 1.5, na 1.5 × 180 = 270. Zile mita 270 zilizobaki nje ndizo hasa handaki lilizosogea kati ya lango la kwanza na la pili. Hakuna bati lililokwaruzwa katika fremu yoyote. Kwa hiyo swali "inaenea au haienei?" halijakamilika, kwa sababu kuenea maana yake ni ncha mbili kuwa ndani kwa wakati mmoja, na "wakati mmoja" lazima useme wa nani. Ulizo lenye jibu moja kwa wote ni hili: je, lango liligonga treni? Hapana.

Watu huuliza, vipi lango la mbele likibaki limefungwa? Hapo treni inagonga, na fremu zote zinakubali imegonga. Ila usiichore treni yote ikisimama mara moja. Habari ya kugonga haiwezi kufika mkiani haraka kuliko mwanga, na mwanga unahitaji 750 ÷ 300 = mikrosekunde 2.5 kwa saa za treni. Mkia unaendelea kuingia kana kwamba hakuna kilichotokea, na treni inabanwa ikavunjika. Chuma kigumu kisichobonyea hakipo katika uhusianifu. Ukikiweka kwenye mchoro wako, mkanganyiko utakaoupata umeuleta wewe mwenyewe.

Mwanjelwa_Jioni

Handaki limenikaa sawa. Sasa, kama mfuatano unaweza kubadilika, hakuna fremu ambayo abiria anashuka kabla hajapanda?

Loleza

Hakuna. Kigezo ni mwanga. Chukua alama mbili kwenye reli zenye umbali wa mita 600. Mwanga unahitaji mikrosekunde 2 kutoka moja hadi nyingine. Tuseme kwa stesheni alama ya nyuma imepigwa kwanza, ya mbele baadaye, na treni ni ile ile ya 0.6:

Zikipishana kwa 1.0: 1.25 × (1.0 − 1.2) = −0.25. Kwa treni mfuatano umegeuka.

Zikipishana kwa 1.2: sifuri. Kwa treni ni wakati mmoja.

Zikipishana kwa 2.0: 1.25 × 0.8 = 1.0. Haujageuka.

Na ukiongeza kasi ya treni hadi karibu kabisa na mwanga, hiyo 1.2 inakaribia 2.0 bila kuifikia. Kwa hiyo matukio yanayopishana kwa mikrosekunde 2 au zaidi hayageuki kwa fremu yoyote. Kinachogeuka ni yale ambayo hata mwanga haukuweza kutoka moja ukawahi jingine, na hayo hayawezi kuwa chanzo na matokeo. Kupanda na kushuka behewa vyote vinatokea mlangoni pa behewa lile lile, kwa hiyo mfuatano wake haugusiki.

Angalizo dogo: hapa nimetumia alama za reli, si ncha za treni. Radi zisipopiga wakati mmoja kwa stesheni, treni inakuwa imesogea kati ya radi na radi, na mita 600 si tena urefu wake.

Uyole_Ramani

Nasoma kimya kwa muda. Je, haya yana uzito wowote kwa vitu vya kawaida? Treni ya kweli haikaribii hata kidogo 0.6 ya mwanga.

Isimila_B

Treni ya kweli ya mita 750 ikienda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde: vL/c² ni kama sekunde 1.7 × 10⁻¹³. Muda huo mwanga unakwenda milimita 0.05. Huwezi kuligundua jukwaani.

Lakini kuna treni moja tumepanda sote na ni ndefu: Dunia inayozunguka. Hapa kwetu inatubeba kuelekea mashariki kwa kama mita 460 kwa sekunde. Iringa iko mashariki ya Mbeya kwa digrii 2.2 hivi za longitudo, karibu kilomita 246. Weka kwenye kanuni ile ile: 460 × 246,000 ÷ (9 × 10¹⁶) = nanosekunde 1.26. Maana yake, ukioanisha saa ya Mbeya na ya Iringa kwa mwanga kana kwamba ardhi imetulia, utatofautiana kwa nanosekunde 1.26 na wakati wa fremu isiyozunguka iliyo katikati ya Dunia. Ni sentimita 38 za safari ya mwanga. Ukiendelea kuoanisha saa kwa saa kuelekea mashariki kwenye ikweta mpaka umezunguka Dunia nzima, unaporudi ulipoanzia saa ya mwisho haikubaliani na ya kwanza kwa nanosekunde 207. Treni iliyonyooka haina tatizo hili kwa sababu mkia wake haukutani na kichwa chake.

GPS inatumia wakati wa ile fremu isiyozunguka, kwa hiyo hili linaingia kwenye kazi za kila siku. Na katika jaribio la Hafele na Keating la 1971, saa za atomu zilizorushwa kwa ndege kuelekea mashariki zilipoteza kama nanosekunde 59, na kuelekea magharibi ziliongeza kama 273. Tofauti kubwa hivyo kati ya pande mbili huwezi kuieleza ukichukulia ardhi kuwa imetulia. Sehemu ya namba hizo inatokana na kimo cha ndege angani, ambako saa inakwenda haraka kidogo, lakini hiyo haichagui mashariki wala magharibi.

Uyole_Ramani

Sasa nimeelewa kitu cha kazini. Kuna programu ya kuchakata data ghafi za GPS iliyoandikwa kienyeji, na inatoa pointi zote zikiwa zimesogea mashariki kwa karibu mita 30. Kaskazini na kusini ziko sawa.

Isimila_B

Basi mwandishi ameruka marekebisho hayo hayo. Mawimbi ya setilaiti yanatumia kama sekunde 0.07 kufika chini. Muda huo ardhi ya hapa imesogea 460 × 0.07, karibu mita 32, kuelekea mashariki. Ukiweka mahali pa setilaiti kwa koordineti za ardhi za wakati wa *kutuma*, lakini kipokezi kwa za wakati wa *kupokea*, umechanganya fremu mbili kama zile 750 na 600.

Tafuta kwenye programu mahali inapokokotoa x, y, z za setilaiti. Baada ya hapo, kabla ya kupima umbali, zungusha x na y kwa pembe θ = 7.2921 × 10⁻⁵ × τ, ambapo τ ni muda wa safari kwa sekunde:

x mpya = x cos θ + y sin θ

y mpya = −x sin θ + y cos θ

z inabaki. Anza na τ = 0.07 kwa kila setilaiti, pata umbali, gawa kwa 299,792,458 upate τ mpya, rudia mara mbili, inatosha. Angalia alama ya hasi iko kwenye mstari wa y. Ukiikosea, mita 30 zitakuwa 60, na bado ni mashariki.